Kizibo cha Kandambili

Nilimwambia mume wangu kwamba kansa ilikosea mtu. Nilimwambia nyumbani kwa dada yake huko Dadamu, Jumapili baada ya misa, watu wakinawa mikono ili tule. Nilisema kwa sauti kubwa, kwa sababu sauti nyingine sina, na kila mtu alinisikia, hata jirani aliyekuwa akipita njiani na jembe lake alisimama.

"Miaka kumi na mbili minavuta petroli na hii kinywa," nilisema. "Sigara hata moja sijaigusa. Huyu anavuta toka asubuhi mpaka jua inaingia. Sasa kansa inapita kwake inakuja kwangu? Mungu alikosa mulango. Ilikuwa inakuja kwake."

Mume wangu, Fabiano, alikuwa ameshika tonge la ugali wa muhogo. Alilirudisha kwenye sahani. Dada yake mkubwa, Eyotaru, aliweka chini birika la kunawia.

"Wifi," aliniambia, "maneno hiyo rudisha."

Sikurudisha. Ilikuwa siku ya nne tangu niambiwe nakufa, na hasira ndiyo kitu pekee kilichokuwa bado na nguvu mwilini mwangu. Sisi wengine tulikula. Fabiano hakula.

Nieleze, maana asiyejua biashara yetu hawezi kuelewa jinsi mambo haya yalivyotokea. Mimi naitwa Kavira, kwetu ni Butembo, Kongo. Nilikuja Koboko, ng'ambo ya mpaka, nikiwa msichana, nauza vitenge, nikakutana na Fabiano, Mlugbara wa Dadamu aliyekuwa akisafirisha tumbaku ya wakulima. Alinichekesha siku tatu mfululizo, siku ya nne nikaona huyu nisipomchukua mimi atachukuliwa na mwingine. Tukazaa binti mmoja, Peace, ambaye sasa ni mwalimu Ediofe, karibu na mji wa Arua. Vitenge vilipokosa wateja tukaanza kuuza petroli ya chupa kando ya barabara inayokwenda mpakani. Mali yetu yote ni meza, chupa, jerikeni kadhaa nyuma ya nyumba, na mpira mmoja mrefu wa kuvutia.

Kazi yenyewe ni hivi. Ncha moja ya mpira unaitumbukiza ndani ya jerikeni, nyingine unaiweka mdomoni, unavuta. Petroli ikikaribia unaisikia kwa ulimi kabla haijafika, unatoa mdomo upesi, unaelekeza mpira kwenye chupa, inashuka yenyewe. Ukichelewa kidogo unaimeza. Ukichelewa zaidi inaingia kifuani, na hapo utakohoa mpaka machozi yatoke. Hakuna mvutaji petroli asiyekohoa. Koboko ukisikia mtu anakohoa nyuma ya meza ya chupa, hata shingo hugeuzi.

Mwenye kuvuta nilikuwa mimi. Fabiano nilimkataza. Siku ya kwanza kabisa ya biashara nilimkuta ameinama juu ya jerikeni, anakaribia kutia mpira mdomoni, na nyuma ya sikio lake kuna sigara ambayo hakuizima vizuri. Bado ilikuwa inatoa moshi! Nilipiga kelele, vijana wote wa boda wakaja mbio wakidhani nimeumwa na nyoka. Nilimnyang'anya mpira kabla hajauvuta.

"Vitu mbili, baba Peace," nilimwambia mbele yao. "Hii mupira usiiguse tena mpaka unakufa. Na hiyo sigara uiache."

Mpira hakuugusa tena. Sigara aliendelea nayo, ila alikwenda kuvutia mbali, upande wa pili wa barabara, chini ya kibanda cha boda. Vijana wakapaita pale ofisi ya Fabiano. Mteja akija kumtafuta, wanamwambia mzee yuko ofisini, na kweli utamwona amekaa kwenye jiwe lake, moshi unamtoka puani, anasalimia watu kama diwani. Alikuwa akikohoa huko ofisini kwake, nami nakohoa huku kwangu. Tulizoea.

Miaka miwili iliyopita, wakati wa kiangazi, nyigu waliingia kwenye mpira. Wale wanaojenga kwa udongo, wakiona tundu wanalifanya nyumba. Nilivuta asubuhi moja bila habari, nyigu akanichoma ulimi. Ulimi ulivimba, siku mbili sikuweza kusema neno, na Fabiano aliwaambia watu kwamba hiyo ndiyo likizo yake ya kwanza tangu tuoane. Lakini hakuishia kwenye utani. Alichukua kandambili lake la bluu lililokatika ukanda, akalikata kwa wembe, akachonga vizibo viwili vidogo kama ncha ya kidole cha mwisho, akaviingiza kwenye mpira, kimoja huku na kingine huku.

"Sasa nyigu itafute nyumba ingine," alisema.

Nilifurahi, sisemi uongo. Mwanamume anayekaa chini kuchonga vizibo ili mke wake asichomwe na nyigu si wa kutupa.

Halafu ikaja siku ile ya soko. Mawingu yalikuwa yamejaa, watu wanakimbilia makwao, na kijana mmoja wa boda, Ronnie, alikuwa na abiria anayetaka kuwahi mpakani. Alinipigia honi kana kwamba mimi ni mbuzi aliyelala barabarani. Nilichukua mpira, nikatoa kizibo cha upande wangu, nikakitia mfukoni, nikatumbukiza upande wa pili kwenye jerikeni bila kuutazama. Nikavuta. Hakikuja kitu. Ronnie akapiga honi tena. Nikavuta kwa nguvu zote, nguvu za mgongo na za hasira pamoja, na petroli ikaja yote mara moja.

Ilipita kinywa ikaingia kifuani. Nilianguka chini. Niliona giza. Fabiano alivuka barabara mbio, akanikalisha, akanipiga mgongoni, mtu akaleta maziwa nikanywa. Nilikohoa mpaka mvua ikaanza kutunyeshea pale chini. Wote wakasema petroli imeingia vibaya, na mimi nikasema hivyo hivyo, kwa sababu kila mvutaji ana siku yake ya petroli kuingia vibaya. Kesho yake Fabiano aliona mpira una kizibo kimoja tu. Akasema panya, akachonga kingine kutoka kandambili lile lile. Habari ikaisha.

Tangu siku ile kikohozi hakikuondoka. Miezi ya kwanza nilikiita kikohozi cha petroli. Baadaye ikaja homa ya kwenda na kurudi, makohozi yenye harufu mbaya hata mimi mwenyewe nilijiona haya, na mwili ukaisha, kitenge kikawa kinanizunguka mara mbili. Watu wakasema kifua kikuu. Walinipima, hakikuonekana, wakanipa dawa, nikapata nafuu wiki mbili, kikarudi. Majirani wakaanza kunitengea kikombe changu peke yangu. Mama mmoja ambaye nilimpokelea watoto wawili alipojifungua aliacha kunisalimia kwa mkono. Ndipo siku moja nikakohoa damu kwenye ukingo wa kitenge, na Fabiano akafunga meza akanipeleka hospitali kubwa ya Arua.

Huko Arua walinipiga picha. Daktari kijana akaining'iniza kwenye mwanga, akaonyesha kwa kalamu sehemu nyeupe upande wa chini wa pafu la kulia. Aliniuliza kama navuta sigara. Nikasema hapana. Akaniuliza kama mume wangu anavuta. Nikamtazama Fabiano, na Fabiano akatazama sakafu.

"Hii inafanana na kansa, mama," daktari alisema. "Ila wiki ijayo anakuja daktari mkubwa kutoka Kampala na mashine ya kamera. Ataingia ndani aone vizuri."

Nilisikia neno moja tu katika maneno yote yale. Nilitoka nje nikakaa kwenye ngazi. Sikulia. Nilikuwa nawatazama watu wanaonunua ndizi pale getini, nikashangaa sana kwamba ndizi bado zinauzwa.

Basi, siku ya nne yake ndiyo hiyo Jumapili ya Dadamu, na maneno niliyokwisha kuwaambia. Jioni tulirudi kwa binti yetu Ediofe. Tulipofika Fabiano alikwenda chooni, na Peace akaniambia alimwona akimwaga sigara zote ndani ya shimo, paketi nzima na kiberiti juu yake. Mimi nikasema sasa amechelewa. Hivyo ndivyo nilivyosema, na binti yangu akatoka chumbani.

Jumatatu aliondoka asubuhi, akasema anakwenda kusalimia watu mjini. Jumanne vilevile. Sikumuuliza watu gani. Nilikuwa nimelala nikimhesabia Mungu makosa yake.

Jumatano ilikuwa zamu yangu ya kamera. Daktari mkubwa kumbe ni mtoto wa hapa hapa, Daktari Okuonzi, mtu mfupi mwenye sauti ya chini. Walinipulizia dawa kooni ikafa ganzi, wakanidunga nyingine ya kunilegeza, nikawa nasikia lakini sijali. Kisha akanionyesha kitu anachotaka kuingiza. Ulikuwa mpira. Mwembamba, mweusi, mrefu.

"Mupira tena?" nilimuuliza, na muuguzi akacheka.

Aliupitisha puani, ukashuka. Nilihisi kukabwa, nikashika mkono wa muuguzi nikauminya. Wao walikuwa wakitazama televisheni ndogo pembeni. Daktari alikuwa anasema polepole, hapa kushoto ni pazuri, sasa tunakwenda kulia, pole mama, hapa pamevimba, hapa kuna usaha. Halafu akasogeza uso karibu na televisheni. Muuguzi naye akainama. Nikajua sasa wameiona.

"Hii ya bluu iko nini?" muuguzi akauliza.

"Sijui," daktari akasema. "Kansa haiwi bluu."

Akaomba koleo, waya mwembamba wenye meno madogo mwishoni, unaopita ndani ya ule mpira. Alishika, kikaponyoka. Alishika tena. Nilihisi kitu kinavutwa kutoka mahali ambapo sikujua kwamba nina mahali, nikakohoa kwa nguvu, na kikatoka. Damu kidogo, usaha mwingi, na kitu. Waliweka kile kitu kwenye bakuli la chuma, wakakimwagia maji, muuguzi akaniletea karibu na uso.

Kilikuwa kizibo cha kandambili.

Nilikitambua papo hapo. Upande mmoja kilikuwa bado na zile alama za mistari ambazo kandambili huwa nazo ili mtu asiteleze, mistari mitatu. Miaka miwili nilikuwa nimetembea na kandambili la mume wangu kifuani. Nilipiga kitanda kwa mikono na miguu, muuguzi akafikiri nimepata degedege. Nilitaka kusema, koo lilikuwa ganzi, nikawa natoa sauti za bubu na kuonyesha kidole mlangoni, nikitaka Fabiano aitwe.

Aliingia. Alikitazama kile kitu ndani ya bakuli muda mrefu. Kisha akavua kofia.

"Iko sapatu yangu," alisema. "Dokta, hii mimi nilikata na mukono yangu."

Akakaa chini sakafuni, hapo hapo, akalia kwa sauti, na mimi nilikuwa sijawahi kumwona akilia, hata tulipomzika mama yake. Daktari alieleza kwamba nyama imeota kukizunguka kile kizibo, ndiyo maana picha ilidanganya, na mpira wa kandambili hauonekani kwenye picha kama chuma. Alisema kansa hakuiona popote. Nitumie dawa, nitapona. Aliyarudia mara mbili kwa sababu tulikuwa tunamkodolea macho tu.

Waliniwekea kizibo changu kwenye kichupa cha plastiki chenye kifuniko. Jioni ile Peace alikipeleka kwa majirani kuwaonyesha. Watu wa Ediofe ambao hawajawahi kuniona walikuja kuangalia mwanamke aliyepumua kandambili. Nilicheka hadi mbavu zikauma, na nilipocheka sikukohoa. Kwa miaka miwili kicheko kilikuwa kinaishia kwenye kikohozi. Eyotaru alipiga vigelegele kwenye simu mpaka salio likamwishia.

Katika furaha ile nilimtazama Fabiano aliyekaa kwenye kona, nikakumbuka maneno ya Dadamu. Nilijisikia vibaya. Nikasema moyoni, tukirudi Koboko nitamchinjia kuku, nitamwita Eyotaru, nitayarudisha maneno yale mbele ya watu walewale walioyasikia. Jambo kama hilo halifanywi kiholela jikoni kwa binti, nilijiambia.

Alhamisi asubuhi simu ikalia. Daktari Okuonzi anatuita, mimi na Fabiano. Nilifikiri ni mambo ya dawa.

Juu ya meza yake kulikuwa na picha ya mapafu. Nikasema, dokta, si hii yangu imekwisha? Akasema hii si yako.

"Mama, mzee huyu alikuja kwangu Jumatatu," alisema. "Alitaka nikate pafu lake nikupe wewe. Nikamwambia haifanywi hivyo hapa kwetu. Akarudi Jumanne, akasema basi nikate nusu. Nilipomsikiliza akiongea nikaona anakohoa zaidi kuliko anavyoongea. Nikamwambia apige picha kwanza."

Nilimgeukia Fabiano. Alikuwa anaikunjakunja kofia yake. Kwa hiyo hao ndio watu aliokwenda kuwasalimia mjini! Nilishindwa nicheke au nimpige. Ishirini na tano, miaka ishirini na tano namjua mtu huyu, na sikujua kwamba anaweza kwenda kujitoa pafu kama mtu anayekwenda kutoa mchango wa harusi.

"Na picha iko namna gani?" nikauliza.

Daktari akaonyesha. Kulikuwa na kitu cheupe upande wa kushoto, karibu na katikati. Kidogo kuliko changu, ila chenye kingo mbaya.

Mimi nikacheka. Naapa, nilicheka. Nilipiga meza yake kwa kiganja.

"Kizibo!" nikasema. "Dokta, na yeye ana kizibo! Yeye ndiye alikata, nani alihesabu? Ingiza mupira yako uitoe!"

Daktari hakucheka. Alimuuliza Fabiano, polepole, kama amewahi kuvuta petroli kwa mpira. Hata mara moja. Nikaona Fabiano ananitazama. Alinitazama usoni, kisha kifuani, nilivyokuwa napumua baada ya kicheko, bila kukohoa, nikiwa nimesimama wima kama zamani.

"Nilivuta," akasema. "Wakati mama Peace alienda Butembo kwa matanga ya mama yake. Wateja ilikuwa mingi. Nilivuta, dokta, na kitu iliingia."

"Unaona!" nikasema. "Nimekukataza! Minakukataza unavuta nyuma ya mugongo yangu!"

Nilimgombeza kuanzia ofisini kwa daktari mpaka barabarani, na kuanzia barabarani mpaka Ediofe, na ugomvi ule ulikuwa mtamu kuliko asali ya Dadamu. Mtu mzima haambiliki! Alitembea kando yangu ameinamisha kichwa, anatabasamu kidogo, akisema ndiyo mama Peace, kweli mama Peace. Nilimwambia tutaweka vizibo vyetu viwili kwenye kichupa kimoja, tuviweke mezani Koboko pale kwenye chupa, kila mteja avione ajue tulikotoka. Peace alipika nyama. Fabiano alikula sahani mbili, na kila nilipomtazama alikuwa ananitazama.

Ijumaa walimwingiza yeye. Mimi nilikaa nje na kichupa changu mkononi. Nilikuwa nimekiosha vizuri, nimefungua kifuniko tayari, nikisubiri cha pili. Muuguzi yule yule akatoka, nikainuka, nikamnyooshea kichupa. Alinipita bila kuniangalia.

Kisha akatoka Daktari Okuonzi. Aliketi kwenye benchi kando yangu, na daktari mkubwa akiketi kwenye benchi na wewe, ujue.

"Hakuna kizibo, mama," alisema. "Kuna nyama mbaya imeota ndani ya njia ya hewa, upande wa kushoto. Nimekata vipande vidogo vinakwenda Kampala kupimwa. Lakini nimeona nyingi za namna hii, na sitaki kuwadanganya ninyi wawili."

"Tafuta tena," nikamwambia. "Iko ndani. Alivuta mupira. Mwenyewe alikuambia."

"Nimetafuta kila mahali, mama."

"Labda si ya bluu. Labda alikata ingine. Nyeusi. Rudi utafute nyeusi."

Aliniwekea mkono begani, akakaa nami kidogo, kisha akaitwa ndani. Nilikuwa nimeshika kifuniko mkono mmoja na kichupa mkono mwingine, nikawa sijui kinafungwaje. Nilijaribu mara kadhaa. Masikioni mwangu nilikuwa naisikia sauti yangu mwenyewe, ile ya Dadamu, watu wakinawa mikono.

Waliniruhusu kuingia. Fabiano alikuwa amelala kwa ubavu, dawa ya kooni bado haijaisha, sauti imekwaruza. Alikuwa ameshaambiwa, nilimwona machoni. Nilivuta kiti nikakaa karibu naye sana.

"Baba Peace," nikasema, "umwambie dokta vizuri. Siku gani ulivuta? Mimi nikiwa Butembo, siku gani? Kitu iliingia namna gani?"

Akatoa mkono chini ya shuka akanishika kidole, kile cha mwisho.

"Mimi hapana vuta, mama Peace."

"Hata mara moja?"

"Hata mara moja. Nilitaka wewe ucheke siku moja tu."

Nje watu walikuwa wanapita, mtu anamwita mtu kwa jina. Fabiano hakukiachia kidole changu.

"Vitu mbili ulinikataza," akasema. "Mupira nilisikia."

Nikafungua mdomo ili nirudishe maneno ya Dadamu. Nilitaka kuyarudisha hapo hapo, bila kuku, bila Eyotaru, bila mtu wa kunisikia isipokuwa yeye. Sauti haikutoka. Na kifua changu kilikuwa kizima, hewa inaingia na kutoka, haikwami popote.